Macho ya Mtakatifu Paraskevi

Mesa Rachi, Mani
12 Juni 2009

Mdogo wangu mpendwa Dikeos,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani, wewe pamoja na wifi yangu Rini, watoto, na yule mjukuu mpya ambaye bado sijamwona hata kwa picha. Natumaini baridi ya huko Melbourne haijakurudishia kile kikohozi, na kwamba unaivaa fulana ya sufu niliyokufumia badala ya kuitunza kabatini kama kitu cha makumbusho. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima. Shinikizo la damu liko juu, lakini chanzo chake hakitibiki kwa vidonge. Chanzo chake ni ukoo wetu.

Mizeituni ya Mama imechanua vizuri mwaka huu, na ule upepo wa kusini unaoangusha maua haukuja. Kaburi nimelisafisha, kandili nimeitia mafuta. Mtini wa nyuma ya nyumba umeinamia ukuta wa jirani, naye jirani anakula tini zetu huku akilalamikia majani yake. Kwa kifupi, nyumbani ni nyumbani.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu sisi wawili hatuzungumzi, tunapigiana kelele. Mara ya mwisho ulinikatia, na kabla ya kunikatia uliniambia kwamba nimeishi na mawe mpaka moyo wangu umekuwa jiwe. Sikukasirika sana. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye idara ya mambo ya kale nimeitwa mengi, na watu wabaya kuliko wewe. Ila nilikuwa na sentensi yangu katikati, na haikumalizika, na tangu siku hiyo imekaa kooni kama mwiba wa samaki. Barua huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Jambo lenyewe ni lile lile. Umemwahidi binamu yetu Kyriakoulis kwamba utamgharamia mchoraji kutoka Kalamata, amtie Mtakatifu Paraskevi, yule aliyechorwa ukutani mwa kanisa letu, macho mapya, kwa kumbukumbu ya Mama, kabla ya sikukuu ya mtakatifu huyo tarehe ishirini na sita Julai. Mimi sitaki. Kijiji kizima kinataka. Na kwa kuwa sadaka ni yako, hakuna mwingine duniani anayeweza kuisimamisha bila mtu kuumia.

Nianze na kile ambacho hukuniacha nikimalize. Usijali, sitakufundisha kama mwanafunzi. Nitakueleza tu, polepole, kama nilivyokuwa nikikueleza hesabu za kugawanya ukiwa umelala juu ya meza.

Kanisa letu dogo lilijengwa na wanakijiji miaka mia nane iliyopita. Hakuna mfalme aliyelijenga, wala askofu. Waliokota mawe shambani, na juu ya mlango wakapachika kipande cha marumaru walichokitoa kwenye hekalu la kale la wapagani, tena wakakipachika kichwa chini, kwa kuwa upande ule ndio uliokaa sawa. Mchoraji wao alikuwa mtu wa huku huku. Konstantinopoli aliisikia tu kwa jina. Nimejuaje? Hakuwa na buluu. Rangi ile ilitoka mbali na ilikuwa ghali, basi yeye alipaka ukuta kwa rangi nyeusi, akasaga mkaa, akauchanganya na chokaa, akaupitisha juu yake kwa wepesi. Simama hatua chache nyuma na utaapa kwamba vazi la Paraskevi ni la buluu. Mkono wake wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia, na shingo yake imekaa kama ya mtu aliyelalia mto mbaya. Hata hivyo uso ule, Dikeos, ni uso wa mwanamke wa kijiji hiki. Pua ile ninayo mimi, na wewe unayo.

Alifanya kazi hivi: asubuhi alipaka plasta mbichi kiasi cha kumaliza siku hiyo, akachora kabla haijakauka, na rangi ikanywewa na chokaa vikawa kitu kimoja. Ndiyo maana imedumu. Rangi anayotumia mchoraji wako wa Kalamata hainywewi. Itakaa juu ya plasta kama utando juu ya maziwa. Kuta zetu zina unyevu, na unyevu unasukuma kutoka ndani. Baada ya miaka michache utando utabanduka, na utakapobanduka utaondoka na plasta iliyo chini yake. Mjukuu wako akija kuangalia zawadi ya babu yake hatakuta macho, wala pua, wala kinywa. Atakuta tundu.

Hiyo ndiyo sentensi uliyonikatia.

Sasa nikupe habari za huku, kwa sababu Kyriakoulis anakupigia simu kila Jumapili na najua anakupa zilizopikwa.

Mwezi uliopita aliita mkutano wa kamati ya kanisa mkahawani kwake. Kamati ni yeye, padri, na yeyote aliyekuja kunywa kahawa. Nikaenda na picha nilizopiga ukutani, kubwa, zinazoonyesha kila mkwaruzo. Nilidhani kwamba watu wakiona wataelewa. Nimezeeka na bado nadhani hivyo, ndiyo maana nasema shinikizo la damu halina dawa.

Kyriakoulis alifungua kwa kusema kwamba fedheha waliyotuachia Waturuki enzi za utawala wao, walipomtoboa macho Paraskevi, itaondolewa kwa mkono wa mtoto wa kijiji aliye ughaibuni, yaani wewe. Watu wakagonga meza. Nikaomba nafasi. Nikauliza: huyo Mturuki aliyetoboa macho ya Paraskevi, kwa nini hakumgusa Mtakatifu Georgios pale juu, ambaye amepanda farasi, ana mkuki, na anaonekana wazi kuwa askari? Askari adui anaingia kanisani, anamwacha askari mwenzake mzima, anahangaika na mama mmoja kona ya mlango?

Kyriakoulis akasema alikuwa na haraka.

Haraka! Nikawaonyesha picha. Mtu mwenye haraka anapiga upanga mara moja na kwenda zake. Hii ni mikwaruzo midogo mno, mingi mno, mmoja kando ya mwingine, iliyofanywa kwa ncha ya kisu kidogo, na haijavuka mstari wa kope hata mahali pamoja. Aliyeifanya alikuwa kama mtu anayetoa kokwa bila kulijeruhi tunda. Tena iko usawa wa mkono wa mwanamke aliyesimama. Nikawaambia kile ambacho kila aliyefanya kazi yangu anakijua, kwamba makanisa ya namna hii yako Krete, yako Kipro, yako visiwani, na kwamba katika mengi yao walioondoa macho ya watakatifu walikuwa waumini wenyewe, wanawake, wakitafuta dawa. Paraskevi ndiye mtakatifu wa macho. Vumbi la macho yake lilichanganywa na maji likapewa mgonjwa. Halikuwa tusi. Ilikuwa sala.

Hata waliokuwa wakicheza karata wakazishusha. Kisha Kyriakoulis akainuka na tumbo lake lote akasema, “Kwa hiyo sasa bibi zetu ndio Waturuki?”

Garoufalia, binti wa marehemu mjomba Panagos, yule anayetunza ufunguo wa kanisa, akadakia kutoka mlangoni kwamba kwa jinsi alivyomfahamu bibi yake, Mturuki angemkimbia. Watu wakacheka, nikadhani nimeokoka. Lakini Kyriakoulis hakucheka. Akasema kuna watu waliopelekwa Athene kusoma kwa zeituni za kijiji hiki, na wamerudi uzeeni kutuambia kwamba tumewapofusha watakatifu wetu sisi wenyewe. Kuna aliyepiga makofi. Sitakutajia ni nani, anakula tini zetu.

Tangu siku hiyo naitwa Profesa wa Plasta. Nikipita uwanjani vikongwe wanaacha kuongea, na vikongwe wa Mani wakiacha kuongea unajua hali ni mbaya. Padri Sarantos alihubiri Jumapili juu ya watu wanaowasoma watakatifu badala ya kuwaogopa, macho yake yakiwa juu ya kofia yangu. Baada ya ibada akaja barazani kwangu kuomba malimau, akayapata, akaniambia nisichukulie vibaya, yeye ana parokia ya kuendesha. Nikamuuliza, je, yeye mwenyewe anaamini ni Waturuki? Akasema padri mwenye busara hachagui kati ya Waturuki na mabibi wa waumini wake.

Garoufalia naye alikuja jioni na sahani ya vitumbua vya mafuta ya zeituni, akipitia njia ya nyuma kama mwizi. Akaniambia, “Dada Metaxia, mimi nakuamini. Ila siwezi kukuamini hadharani, nina binti wa kuoza.” Nikamwambia aache sahani aende zake. Akaketi saa nzima.

Halafu akaja mchoraji. Anaitwa Anestis, kijana mpole, amefundishwa vizuri kuchora kwenye mbao, na sina ugomvi naye. Alinyoosha kipimo chake usoni mwa mtakatifu kama fundi nguo. Akanionyesha michoro aliyoitayarisha: macho makubwa, yenye kope ndefu, yenye nuru pembeni, mazuri kabisa, kama ya mwanamke anayetangaza sabuni. Garoufalia, aliyekuwa ameshika taa, akasema kwamba kwa macho yale Paraskevi ataanza kumkonyeza padri. Nikamweleza kijana habari ya utando na unyevu, na alinisikiliza kwa adabu, tena akaelewa. Mwishoni akasema, “Mama, ninakubaliana na wewe. Lakini nisipofanya mimi watamwita yule wa Sparta, naye anatumia rangi ya milango.” Nilikaa kwenye kizingiti, nikatazama marumaru iliyopachikwa kichwa chini, nikatamani kulia. Sikulia, kwa sababu nilikuwa na hasira mno.

Utasema, kama ulivyosema, kwamba nikiwa na hakika namna hiyo niende kwenye sheria. Ni kweli, sheria ipo. Hakuna anayeruhusiwa kugusa ukuta ule bila kibali, hata kama kanisa ni la kijiji, na barua yangu moja kwa wenzangu wa zamani ingetosha. Wangekuja na karatasi, wangefunga mlango kwa lakiri siku ya sikukuu, na Kyriakoulis angesimama kizimbani pamoja na padri mwenye mke na wajukuu. Kyriakoulis ni mpumbavu. Lakini mvua ya mawe ilipokuwa ikinyesha na gari likashindwa kupanda kilima, ni yeye aliyeingiza bega lake chini ya jeneza la Mama, wewe ukiwa bado uwanja wa ndege. Siwezi kumpeleka mahakamani. Nimeandika barua ile nikaichana, nikaiandika nikaichana.

Kwa hiyo sina sheria, sina kijiji, sina padri, na kwenye simu sina ndugu. Nimebaki na kitu kimoja tu cha kukuambia. Niliapa kutokisema, na tangu asubuhi nimekaa nacho mezani huku kahawa ikipoa, nikaipasha, ikapoa tena.

Dikeos, ni Mama.

Tulia kwanza, soma mpaka mwisho.

Ilikuwa majira ya kuvuna zeituni, wakati wa vita vile vya sisi kwa sisi. Wewe ulikuwa unakaribia miaka minne, mimi nilikuwa na minane. Macho yako yalivimba mpaka yakafunga. Usaha ulikuwa unatoka, ukikauka kope zinagandamana, Mama anazilainisha kwa maji ya maua ya chamomili, zinafunguka kidogo, zinaganda tena. Daktari wa karibu alikuwa mjini Gythio na barabara ilikuwa imefungwa na wenye bunduki. Mtoto wa nyumba ya juu alikuwa amepofuka hivyo hivyo mwaka uliotangulia, unamkumbuka, yule Ligoris aliyekuwa akisuka vikapu. Ulikuwa hulii tena. Hilo ndilo lililomtisha Mama. Ulikuwa umekaa kimya kwenye mkeka ukipapasa ukuta.

Siku moja mchana, mvua ikinyesha, Baba akiwa kwenye kinu cha mafuta, Mama alichukua kile kisu chake kidogo cha kuchumia mboga za porini na kikombe cha kahawa, akanishika mkono tukaenda kanisani. Nilidhani tunaenda kuomba. Akanipa mshumaa niushike juu, na kitambaa cheupe nikitandaze chini ya ukuta, akaniambia isianguke punje hata moja chini.

Jicho la kushoto halikuwepo tangu zamani. Walilimaliza wengine kabla yetu, bibi ya Garoufalia labda, na bibi ya Kyriakoulis vilevile, na kabla yao wengine. La kulia lilikuwepo. Mimi nililiona, na nadhani sasa hakuna mwingine aliye hai aliyeliona. Lilikuwa la kahawia, na mchoraji alikuwa ameweka tone dogo la chokaa nyeupe pembeni, likawa linakutazama popote uliposimama. Hilo moja ndilo lililobaki upande ule wa kanisa, na Mama alisimama mbele yake muda mrefu sana huku nta ikinidondokea vidoleni.

Kisha akaanza. Kila alipokwaruza alisema, “Nisamehe, bibi.” Anakwaruza kidogo, anasema nisamehe bibi, anakwaruza tena. Hakuvuka mstari wa kope. Kule mkahawani nilipokuwa nikiwaonyesha picha na kuwaeleza jinsi mkono ule ulivyoogopa kumuumiza, nilikuwa sitafsiri alama, Dikeos. Nilikuwa nakumbuka.

Nusu ya lile vumbi alikupaka kwenye kope, nusu akalitia kwenye maji akakunywesha. Ulitema kidogo, akayakusanya kwa kidole akakurudishia. Baada ya wiki ulikuwa ukimkimbiza kuku. Usiniulize kilichokuponya. Nimesoma sana na bado sijui. Chokaa huua vijidudu vingine, na ugonjwa ule mara nyingine huondoka wenyewe. Hayo ndiyo ningemwambia mwanafunzi. Wewe nakuambia kwamba nilikuwepo, na kwamba uliamka asubuhi moja ukaniuliza kwa nini nimevaa soksi zisizofanana.

Bila shaka watu waliona. Jicho lililokuwa likiwatazama kila sikukuu halikuwepo tena. Padri wa wakati ule alisimama mbele ya ukuta, akatazama mikwaruzo mipya, myeupe kama unga, akamtazama Mama, akakutazama wewe uliyekuwa ukichezea pindo la joho lake. Bibi yake Kyriakoulis, ndiyo, wake yeye, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Laana kwa Waturuki.” Na kanisa zima likaitikia. Waturuki walikuwa wameondoka zaidi ya miaka mia moja, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni Mturuki gani huyo aliyepita wiki iliyopita. Baadaye wale waliojua wakafa mmoja mmoja, na waliobaki wakarithi maneno bila sababu yake. Ndiyo maana nimekasirika namna hii, na kwa sehemu nimejikasirikia mwenyewe: mwezi mzima nimekuwa nikipigana na uongo ambao wanawake wa kijiji hiki waliujenga ili kumficha mama yangu. Siku ile mkahawani Kyriakoulis alikuwa anamtetea Mama kuliko mimi, naye hajui.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kuiona brashi ya Anestis ikipita pale. Mama hakujua kuandika. Kwenye hati ya nyumba aliweka alama ya kidole, na picha yake tuliyo nayo ni ile moja ya pasipoti ambayo hakuitumia. Mikwaruzo ile ndiyo maandishi yake pekee. Wewe unataka kuifunika kwa jina lake.

Liko la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niape. Wewe unakumbuka alivyokuwa akilia mbele ya Paraskevi kila sikukuu, na umeniambia mara nyingi kwamba alilia kwa uchungu wa kumwona mtakatifu kipofu. Sivyo. Siku ile ya mvua, alipomaliza kukunja kitambaa, alipiga magoti akamwekea mtakatifu ahadi, nami nikiwa nimesimama hapo na mshumaa. Alisema: “Mwanangu akiona, nitakuletea yeye mwenyewe kila mwaka siku yako, asimame mbele yako, atazame kwa niaba yako na yake.” Akakupeleka kila mwaka mpaka ulipopanda meli. Baada ya hapo alienda peke yake. Alilia kwa sababu alikuwa anaenda mikono mitupu.

Aliniapisha nisikuambie. Alisema una kazi huko, una watoto, nauli si ya mchezo, na mtu asirudi nyumbani kwa kuburutwa na ahadi ya mama yake. Umekuja mara mbili tu miaka yote hii, mara zote wakati wa baridi, kanisa likiwa limefungwa. Alipokuwa anakufa aliniuliza kama sikukuu imepita. Ilikuwa Januari. Nikamwambia bado.

Kwa hiyo nimekiuka kiapo, na akiwa na la kuniambia ataniambia nitakapomfuata, haitachukua muda. Ninachokuomba ni hiki. Mpigie Kyriakoulis umwambie umebadili nia. Usimweleze sababu, mwache aniseme mimi, nimezoea, mwambie hata kwamba nimekuloga. Anestis mlipe siku zake, ana mke mjamzito. Halafu tafuta tiketi. Sikukuu itaanza na ibada ya asubuhi, na Garoufalia atafungua mlango mapema nikimwomba, kabla watu hawajaja na mishumaa yao na kelele zao. Ukishindwa mwaka huu, njoo ujao, lakini ukumbuke mimi nina miaka sabini na wewe una kikohozi.

Na kama ukisoma yote haya ukaona bado ni lazima apewe macho mapya, sitakwenda kwenye sheria wala sitakunyima salamu. Nitakaa nyumbani tu siku hiyo. Sitaweza kuangalia.

Mpe wifi yangu mkono, mwambie ile mbegu ya basili aliyoniomba nimeifunga humu ndani kwenye karatasi ya sigara, asidhani ni uchafu. Wabusu watoto na wajukuu, mkubwa kwa mdogo. Garoufalia anakusalimu kwa siri. Kitanda chako nimekitoa godoro nikalianika, na nimelipiga mpaka majirani wakadhani ninakupiga wewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Metaxia